Mafurushi Mawili Kutoka Bukama

Neno binaire lilinifikia kwa sikio kabla ya daftari. Mwalimu wetu wa kwaya alilipiga kwa rula juu ya benchi la kanisa, ta-ta, ta-ta, huku akitukazia macho sisi wa sauti ya pili, ambao kila Jumamosi tulikuwa nyuma ya wimbo kama watu waliochelewa treni.

"Binaire!" alisema. "Mapigo mbili. Moja nzito, moja nyepesi. Munatembea na miguu ngapi?"

"Mbili, Prof."

"Sasa ile ya tatu munatoa wapi?"

Tulicheka, yeye hakucheka. Alikuwa na koti moja la kahawia lenye mifuko miwili mikubwa, mmoja wa chaki na mwingine wa kile kifilimbi chake cha kutupa sauti ya kuanzia. Mwaka ule, katika darasa la tano la sekondari pale Kamina, yeye ndiye aliyetufundisha karibu kila kitu. Wenzake wawili walikuwa wameondoka vita vilipoanza, mmoja kusini kwa ndugu zake, mwingine hatukujua wapi, na masomo yao yakamwangukia yeye. Kwa hiyo neno la kwaya la Jumamosi lilitukuta Jumatatu kwenye kemia. Chumvi, alisema, ni kitu binaire, kwa sababu imeundwa kwa vitu viwili tu.

Nikanyoosha kidole. "Prof, na chumvi inaimba?"

Darasa zima lililipuka. Nilingoja kutolewa nje. Yeye akanitazama kwa upole, kama mtu aliyeulizwa swali la maana.

"Haiimbi," alisema. "Lakini siku moja pika sombe bila chumvi. Utasikia namna nyumba yote inanyamaza."

Siku chache baadaye, neno lile lile lilikuja tena kwenye hesabu. Kuna namba, alisema, zinazoandikwa kwa sifuri na moja tu, na kuna mashine zinazohesabu hivyo kwa sababu ndani yake mna kitu kama taa: imewaka au imezima. Shule haikuwa na umeme, wala sisi hatukuwahi kuiona mashine hiyo, basi akaita wanafunzi watatu mbele na kuwapa viti. Aliyesimama ni moja, aliyeketi ni sifuri. Mimi nilikuwa kiti cha kushoto, kwa hiyo nilikuwa na thamani ya nne. Mwenzangu wa katikati alikuwa mbili, na wa kulia, binti wa shemasi, alikuwa moja, maskini, yeye alisimama na kuketi kila mara hadi akaanza kuhema. Tulihesabu hivyo kutoka sifuri hadi saba, tukarudi nyuma kutoka saba hadi sifuri, darasa likipiga makofi. Nilirudi nyumbani nikijisikia nne.

Akatuchorea pia nyota ubaoni. Kuna nyota, alisema, ambayo jicho linaiona moja, kumbe ni mbili zinazozungukana, hakuna inayomwacha mwenzake. Hizo nazo ni binaire.

Tangu hapo nimezunguka sana. Nimeishi Lubumbashi, nikavuka kwenda Kitwe, nikakaa Kigoma miaka kadhaa, na sasa niko Mbeya kwa muda ambao mwenyewe siujui. Neno lile nimelikuta njiani kote. Kigoma lilikuwa binari, kinywani mwa fundi wa kompyuta aliyekuwa akila karanga juu ya mashine zilizofunguliwa matumbo. Nairobi, ambako nilipita tu, nilisikia vijana wakibishana juu yake mezani kwa chai, wakizungumza kuhusu watu: ni lazima kila mmoja aingie kwenye kisanduku cha mwanamume au cha mwanamke, au wapo ambao visanduku viwili haviwatoshi? Niliwasikiliza hadi chai yangu ikapoa. Na kila nilikolisikia, pua yangu ilileta harufu ya kambale wa kukaushwa kwa moshi. Sababu ni kwamba nilipokuwa na miaka kumi na saba nililitoa neno hilo shuleni, nikalipeleka nyumbani likafanye kazi, nalo likafanya.

Dada yangu mkubwa, yaya, alikuwa ameolewa Bukama na karani wa bandari ya mtoni. Alikuja Kamina kwa matanga ya bibi yetu akiwa na mimba ya miezi sita, tumbo kubwa kuliko miezi yake. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika na nusura imchukue na yeye mwenyewe, kwa hiyo mama alitaka abaki azalie kwetu. Lakini mume alikuwa kule, na mama mkwe alikwisha kusema kwamba mtoto wa kwanza wa mwanawe atazaliwa uani kwake. Yaya akafunga mizigo.

Shida ilikuwa habari. Vita vilikuwa kaskazini na mashariki yetu, na reli ilikuwa ya askari kwanza, ya watu baadaye. Redio ya kanisa, ile tuliyozoea kuitumia kuita Bukama, ilichukuliwa kwa ajili ya usalama. Barua zilifunguliwa kwenye kila kizuizi. Shemasi mmoja wa mtaa wetu alishikiliwa siku mbili kwa sababu mfukoni alikutwa na karatasi yenye namba za nyimbo za Jumapili, na askari walitaka kujua namba hizo ni za bunduki gani. Hata maneno ya mdomo watu wa treni walikataa kuyabeba. Kizuizini waliulizwa, "Unaleta habari gani kutoka kule?", na aliyekuwa na jibu alikawia.

Samaki, lakini, hakuna aliyewauliza samaki. Siku zote Bukama ililisha Kamina samaki.

Ndipo mimi nikasema, mezani, siku moja kabla yaya hajaondoka: "Tufanye binaire. Kama iko muzima, atatuma samaki. Kama haiko muzima, hatatuma. Moja na sifuri."

Baba aliweka kikombe chini. Yeye alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuvuta wenzo unaogeuza njia pale reli zinapoachana, treni hii iende upande wa Bukama, ile iende upande wa Kabalo.

"Na kama musimamizi wa treni anakula ile samaki?" aliuliza.

"Njo rafiki yako, Baba," nilisema, na njo kwetu ni ndiyo. " Hawezi kula."

"Rafiki yangu iko na batoto saba."

Yaya akaanza kucheka. Baba aliendelea, kidole juu ya meza: "Sikiliza. Kwetu, taa ikizimika, dereva hasemi eti hakuna habari, niende. Anasimama. Taa ya kuzima haina hapana, haina ndiyo. Haina kitu. Kama unataka kusema mbaya, washa taa ya mbaya."

Sikupenda kusahihishwa na mtu ambaye hakufika sekondari, lakini alikuwa amesema kweli, na nilijua. Basi tukapanga upya. Furushi moja la samaki: salama. Mafurushi mawili: mambo ni mabaya, mtu aje. Kitu kisipofika, tusifikiri lolote.

"Kwa hiyo," yaya alisema, "minyi nikiwa mubaya, njo benyewe mutakula muzuri?"

"Funga kinywa yako," mama akamwambia, "na tumbo kama ile." Lakini naye alicheka. Yaya akaahidi kwamba atafunga furushi kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake akapanda treni, akapunga mkono hadi behewa likapinda.

Furushi la kwanza lilifika baada ya wiki tatu. Moja. Mama alilinusa kabla ya kulifungua, akasema ni samaki wa mtu mwenye afya, sijui alijuaje. La pili lilikuja mwezi uliofuata, moja vilevile. Jioni tulikula bukari, ugali wa kwetu, na kambale wa yaya, baba akanitazama juu ya sahani na kusema, "Prof wako iko na akili," na mimi nikala kama mtu aliyevua samaki wale yeye mwenyewe.

Kisha treni zikakatika. Wiki zilipita. Mama alihesabu miezi kwa vidole, akafika wa tisa, akaanza kuvunja vikombe bila kukusudia.

Siku ile ilikuwa adhuhuri. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe, mimi nikifua. Baba aliingia uani akiisukuma baiskeli badala ya kuiendesha. Nyuma, juu ya keria, kulikuwa na mafurushi mawili, ukubwa mmoja, kamba ya aina moja, yamelazwa ubavu kwa ubavu.

Mama aliyatazama. "Lingine ni ya nani?" aliuliza.

"Yote ni ya kwetu," baba akajibu.

Msimamizi hakujua zaidi. Mpakiaji wa kule alimkabidhi mafurushi hayo treni ikiwa inaanza kutembea, akapaza sauti "ya Kamina!" na basi. Mama alimaliza kuchambua maharagwe yote yaliyokuwa kwenye ungo, moja moja, hakuacha hata moja. Kisha akafunga kitenge kiunoni, akaweka mikono kichwani, na ule mlio uliomtoka ulileta majirani wote.

"Haisemi kufa," baba alimwambia. "Mama, sikia. Alama inasema mbaya. Haisemi kufa."

"Mbaya yake minyi najua," mama alisema. "Nilimuona ile ya kwanza."

Na hapo ndipo nilipoiona alama yangu ilivyokuwa finyu. Ilijua salama na mabaya. Haikujua kama ni mtoto au mama yake, kama ni homa au kaburi. Nilikimbia hadi shuleni. Mwalimu alikuwa peke yake, anafuta ubao. Nilimweleza yote nikilia: viti, sifuri, samaki, mawili. Nilitaka aniambie kwamba kuna njia ya kuhesabu ambayo matokeo yangekuwa mengine. Aliweka kitambaa chini, akapangusa mikono kwenye lile koti.

"Acha hesabu," alisema. "Treni ya kwenda ni ya lini? Peleka mama yako."

Baba alituombea nafasi kwa rafiki yake, kwenye behewa la magunia ya mahindi, pamoja na askari kama kumi. Yeye mwenyewe hakuweza kuacha wenzo. Wakati wa vita mtu wa reli aliyeacha kazi yake aliitwa jina baya. Tulipotoka stesheni nilimwona. Alikuwa ametugeuzia njia ya Bukama na bado anaushika ule wenzo kwa mikono miwili, kana kwamba akiuachia reli itabadili nia. Hakupunga mkono. Mama alikuwa na kikapu kimoja, na ndani yake, chini ya nguo, niliona shuka jeupe jipya. Kila mtu kwetu anajua shuka jeupe jipya linapelekwa wapi.

Katikati ya njia treni ilisimamishwa. Askari wengine wakapanda, wakaanza kupita kati ya magunia wakiuliza watu.

"Weye mama. Uko wa huku ao wa kule?"

Nimelifikiria sana swali hilo tangu siku ile. Lilikuwa na majibu mawili tu, na moja lilikuwa la kufa. Nilijua watu waliokwama kulijibu kwa sababu mjomba wao alikuwa kule, shamba lao lilikuwa kule, na wao wenyewe walikuwa huku wakitafuta chumvi.

"Kule wapi?" mama aliuliza.

"Kule kwa adui."

"Minyi naenda Bukama, kwa mutoto yangu. Sasa kama Bukama imehama, uniambie, nishuke."

Askari wa behewa letu walicheka kwanza, kisha na huyu akacheka. Alimtazama mama usoni, akaona macho yalivyovimba. Akachota karanga mfukoni mwake, akamtilia kiganjani, akapita.

Tulifika Bukama alasiri. Mto ulikuwa umejaa, na wakimbizi wa vijiji vya chini walikuwa wameketi kando ya stesheni na kuku zao. Tulitembea haraka. Kabla ya kufika kwa wakwe tulisikia ngoma na wanawake wengi wakiimba.

"Umesikia," mama alisema. "Banamulilia."

Nilisikia, lakini sikio langu la kwaya halikukubali. Ilikuwa ta-ta, ta-ta, ya haraka mno kwa msiba. Na maneno yake, tulipokaribia, yalikuwa juu ya suruali ya baba mkwe na kilichomo ndani yake. Nikashika mkono wa mama kumwambia, lakini alikwisha kunitoka. Aliingia uani mikono kichwani, akilia kwa sauti ya juu kabisa.

Ngoma ilikatika. Wanawake wote, nyuso zimepakwa udongo mweupe, waligeuka. Mama mkwe wa yaya, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mpiga makasia, alimrukia mama na kumziba mdomo kwa kiganja.

"Hapana kulia! Hapana kulia hapa! Unataka baende?"

Mama aliutoa mkono ule. "Nani baende?"

"Mapasa!"

Mama hakuelewa. Nami sikuelewa mara moja, ingawa neno mapasa kwetu halina fumbo: ni watoto pacha, nao hupokewa kwa udongo mweupe na nyimbo za aibu, wala hawaliliwi, wasije wakarudi walikotoka. Kisha sauti ikatoka ndani ya nyumba, nyembamba, ya mtu anayejaribu kuketi kitandani.

"Mama? Njo weye?"

Mama akaketi pale pale alipokuwa, mavumbini, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Wanawake hawakumwonea huruma. Waliosimama karibu walianza kumwimbia yeye sasa: bibi gani huyu anawalilia wajukuu wake, je, Kamina hawana meno ya kuchekea? Mmoja akampaka udongo mweupe shavu la kulia na la kushoto. Wakamwinua, wakamchezesha katikati yao, na mama yangu, mke wa mtu wa reli, aliyekaa benchi la mbele kanisani, alicheza nyimbo zile za aibu huku machozi yakichora mistari kwenye udongo, na kila chozi likitoka walimpigia kelele alifute.

Niliingia ndani. Yaya alikuwa amekonda, midomo mikavu. Alikuwa amepoteza damu nyingi na homa ilikuwa imemshika siku nne, lakini ilikuwa imemwachia. Kando yake, kwenye kapu moja la matete, mvulana na msichana, wamekunja ngumi.

"Juu ya nini mama analia?" aliniuliza.

"Yaya, ulituma mbili."

"Mbili nini?"

"Mafurushi!"

Alinitazama, kisha akatazama mlangoni, ambako mama mkwe alikuwa ameingia nyuma yangu. "Mama, nilikuambia moja!"

"Moja?" mama mkwe alisema. Alikasirika kweli, si mchezo. "Ndani ya nyumba ya mapasa kutoke kitu moja? Ningenyima mutoto gani? Huyu? Ao huyu?"

"Nilikuambia, moja!"

"Ulikuwa na homa. Muntu wa homa anasema bintu mingi."

Alikuwa na haki, na mimi nilijua desturi hiyo tangu utoto. Pacha hawapewi kitu kimoja, wala nyumba yao haitoi kitu kimoja. Ukimsalimu mmoja, unamsalimu mwenzake. Asiyepewa anasikitika, anaugua, anarudi alikotoka, na mwenzake anamfuata. Mtaani kwetu alikuwapo mama wa mapasa, na sikuwahi kumpelekea embe moja, siku zote mawili. Mama alijua. Baba alijua. Yaya alijua. Tulikuwa wanne mezani siku ile, na hakuna aliyekumbuka kwamba tumbo kubwa kuliko miezi yake linaweza kuwa na watu wawili ndani.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kupekua kikapu chetu, kama ilivyo haki ya mwenye nyumba anapopokea mgeni. Akatoa lile shuka jeupe.

"Na hii?" aliuliza.

Mama, ambaye sasa alikuwa amesimama kwenye kizingiti, alisema, "Ni ya batoto."

Yule mwanamke alijua shuka lile lilikuwa la nini. Niliona jicho lake linavyojua. Aliuma pindo kwa meno, akalirarua katikati, mrrrr, hadi mwisho, akamfunga mvulana mgongoni kwa mama na msichana mgongoni kwangu. "Wafwako," alimwambia mama, asante, kwa Kiluba. Kisha mara ya pili, kwa ajili ya mtoto wa pili: "Wafwako."

Usiku ule tulilala kama mawe. Asubuhi ndipo mama alipopiga kelele: "Baba yenu!"

Maana baba alikuwa Kamina na mafurushi mawili, hajui kitu. Treni ya kwanza kurudi ilikuwa ya jeshi, msimamizi wake hatukumfahamu. Alikubali kubeba samaki, hakukubali kubeba maneno. Tukaketi kuzunguka kitanda cha yaya kama baraza la wakubwa.

"Tutume moja," yaya alisema. "Njo salama."

"Kutoka hapa?" mama mkwe aliuliza. "Kwanza munifukuze."

"Basi mbili."

"Mbili atakufa," mama alisema. "Atanguka kwa reli."

Wote wakanigeukia mimi, mwenye elimu. Binaire yangu ilikuwa na nafasi mbili, na zote mbili zilikuwa zimefungwa. Ni mama aliyesema, huku akimtikisa mvulana mgongoni, "Tutume tatu."

"Tatu njo nini?" nikauliza. "Tatu hatukupatana."

"Batoto mbili, mama yao moja. Baba yenu haiko mujinga."

Mama mkwe alifikiri kwa muda mrefu kama tatu ingewaudhi mapasa. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba yale mawili atayafunga yeye, na la tatu lifungwe mbali kidogo, kwa kamba nyingine, lisije likajifanya ndugu yao. Hilo mama alilifunga mwenyewe.

Yaliyofuata sikuyaona. Nimeyasikia kutoka kwa baba na kutoka kwa mwalimu, na masimulizi yao hayafanani sana. Wanakubaliana kwamba baba alipokea mafurushi matatu, akayapakia kwenye baiskeli, na hakwenda nyumbani. Alikwenda shuleni katikati ya somo, akasimama mlangoni mwa darasa akiwa na kofia yake ya kazi mkononi.

"Prof," alisema, "mutoto wako wa shule alituwekea hesabu. Sasa tatu inasema nini?"

Mwalimu aliwaacha wanafunzi, akayatazama mafurushi. Akachukua chaki, akaandika tatu kwa namba za sifuri na moja. Tatu huandikwa hivi: moja, halafu moja.

"Moja njo salama?" aliuliza.

"Njo salama."

"Basi, Baba, hapa iko salama na salama."

Baba aliutazama ubao kwa heshima. "Muke yangu hajui hesabu ile," alisema.

"Binti yako anajua."

Baadaye sana, mwalimu aliponiuliza kama kweli nilikusudia moja na moja, nilimwambia ndiyo. Alifurahi mno, akasimulia madarasa mawili yaliyofuata, na sijawahi kujuta.

Lakini baba hakuridhika na ubao. Alipiga magoti pale mlangoni, akayageuza mafurushi, akayachunguza mafundo kama anavyochunguza maungio ya reli. Mawili yalifungwa na mkono mmoja asioujua. La tatu lilikuwa na fundo la mkewe, lile la kupitisha kamba mara mbili kisha kuificha ncha, ambalo kwa miaka yote ya ndoa yao lilimlazimu kutumia kisu. Na mwanamke aliyefiwa hagusi jiko, hagusi samaki, wengine wanamfanyia. Kama mke wake alikuwa amefunga samaki, basi hakuwa ameketi matangani.

Akabaki na yale mawili, yaliyo sawa, ya mkono mmoja, yaliyotoka nyumba moja.

"Mapasa!" alipiga kelele, na darasa zima likasimama. "Prof, ni mapasa! Yote, ile mbili ya kwanza na hii mbili! Ni mapasa!"

Alimkumbatia mwalimu, chaki ikampaka begani. Akamwachia furushi moja mezani, asante ya kazi, akavaa kofia yake, akapanda baiskeli. Kutoka dirishani wanafunzi walimwona akifika hadi langoni, akifunga breki, akikaa pale juu ya baiskeli kwa muda, mguu mmoja chini. Kisha akageuka akarudi, akapita katikati ya darasa bila kumtazama mtu, na kuweka la pili kando ya la kwanza.

"Unisamehe, Prof," alisema. "Karibu nikosee batoto."